Je, Yatupasa Kuzilinda Nyumba za Kale?



Jumapili moja, ibada ilipokwisha, wazee wawili wa usharika wetu hapa Ngokolo walikaa chini ya mwarobaini wakibishana, hata watu wakawazunguka kuwasikiliza. Mmoja ni mwalimu aliyestaafu, mtu wa vitabu. Wa pili ni mkulima wa pamba, mwenye ng'ombe kadha wa kadha, na maneno yake ni machache lakini mazito. Mwalimu alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam, na huko aliliona Boma la Kale lililo karibu na bandari. Moyo wake ukawaka. Akasema ya kuwa katika mkoa wetu iko nyumba kuukuu ya watu wote, ambayo imesikika kwamba itavunjwa. Basi yafaa tuiandikie Serikali barua, na watu watie sahihi, ili nyumba ile iwekwe chini ya ulinzi wa sheria. Nyumba yenyewe sitaitaja, maana habari yake haijaamuliwa bado.

Mkulima akamjibu, "Mwalimu, mimi sitii sahihi. Kwanza, kuta hazili wala hazilimi, na watoto wetu wana njaa ya mambo mengi. Pili, katika nyumba ya namna ile babu yangu alilazwa kifudifudi akapigwa viboko kwa ajili ya kodi. Wataka niombe mahali pale palindwe?"

Watu wakanyamaza. Ndipo wote wawili wakanigeukia, na mkulima akasema, "Baba Mchungaji, wewe wasemaje?" Mimi nikaomba nipewe muda wa kufikiri, kwa kuwa niliona ya kuwa swali lile si dogo, wala si la nyumba ile moja tu. Haya niandikayo hapa ndiyo majibu yangu kwao, na kwenu pia ninyi mlio mbali.

Kwanza yatupasa kujua jambo lenyewe ni nini. Zamani za Waingereza, mwaka 1937, palitungwa sheria ya kuhifadhi majengo ya kale ya Tanganyika. Baada ya Uhuru ikaja Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, nayo ikarekebishwa mwaka 1979. Sheria hii yasema kwamba jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1886 lalindwa kwa umri wake. Na jengo lililo changa kuliko hapo laweza kulindwa pia, ikiwa Waziri mwenye mamlaka ataona ya kuwa lina maana katika historia, akalitangaza katika Gazeti la Serikali. Likiisha kutangazwa, hakuna ruhusa ya kulivunja, wala kulibadili, wala kuchukua kitu chake, pasipo kibali. Hata mwenye nyumba amefungwa na neno hilo. Basi kuomba ulinzi si kuomba sifa tu. Ni kuomba mkono wa sheria uzuie mkono wa mtu.

Sasa tazameni mwaka ule, 1886. Boma la Kale la Dar es Salaam lilijengwa karibu na mwaka 1867, wakati wa Sultani Majid, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nalo laingia kwa umri wake bila kuombewa. Lakini Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, haliingii kwa umri, wala maboma mengine ya Wajerumani yaliyojengwa baada ya mwaka ule. Na sisi wa Usukuma je? Babu zetu hawakujenga kwa matumbawe. Walijenga kwa miti, na udongo, na nyasi, nyumba za msonge, na mvua za miaka michache zikazirudisha mavumbini, wakajenga tena. Mji wetu wa Shinyanga ulikua kwa reli, ile iliyotoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Basi ukihesabu kwa mwaka wa sheria, waweza kudhani kwamba pwani palikaa watu wenye historia, na huku kwetu palikaa upepo. Sisemi ya kuwa waliotunga sheria walikusudia hivyo. Kila sheria yahitaji mpaka, na mpaka huacha wengine nje. Lakini twajifunza neno moja: kwa watu wa bara, ulinzi hauji wenyewe. Hauna budi kuombwa, na mtu aombaye hana budi kujua kwa nini aomba.

Nalijibu neno la kwanza la mkulima, kwamba kuta hazili. Neno hili si la kuchekwa. Mtu akiona zahanati haina dawa, kisha asikia fedha zatafutwa kwa ajili ya kupaka chokaa nyumba isiyokaliwa na mtu, ana haki ya kuuliza. Tena wako watu wapendao mawe ya kale kwa sababu mawe hayaombi chakula. Mapenzi ya namna hiyo hayana faida kwa mtu.

Lakini tuulize pia upande wa pili. Nyumba ya watu wote ikivunjwa, ni nani hupata kile kiwanja? Ni mara ngapi mmeona nyumba kuukuu ya serikali ikivunjwa, kisha mahali pake pakajengwa zahanati ya maskini? Mara nyingi asemaye kwa sauti kubwa, "Maskini wana shida, ivunjwe," ndiye amekwisha kupima kiwanja kwa hatua zake. Tusiwatumie maskini kuwa nyundo ya tajiri. Nyumba ya watu wote, hata ikiwa kuukuu, ni mali ya yatima na ya mjane sawasawa na ya mkubwa. Ikiisha kuvunjwa na kiwanja kuuzwa, yatima hana fungu tena.

Tena kulinda si kufunga mlango na kutupa ufunguo. Boma la Mikindani lilikuwa gofu. Likatengenezwa katika miaka ya 1990 na baadaye, likafanywa nyumba ya wageni, watu wa mahali wakapata kazi. Kanisa letu la Azania Front, Dar es Salaam, lilijengwa na wamisionari Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Ni jengo la kale, na wageni huja kulipiga picha, lakini kila Jumapili limejaa watu waimbao Kiswahili. Nalo Boma la Kale, ambalo mwalimu wetu aliliona, limewekwa ndani yake kituo cha kuonyesha habari za majengo ya mji ule. Nyumba inayokaliwa hupata mtu wa kuona tundu la paa siku linapotokea. Nyumba isiyokaliwa huliwa na mchwa wakati watu wanaisifu. Kwa hiyo nasema: atakaye nyumba ilindwe, na aseme pia itafanya kazi gani, na nani atalipa bati na misumari. Kama hawezi kusema, barua yake haijakomaa.

Na ikiwa siku moja twajikuta kwamba kwa kweli hakuna mahali pengine pa kujenga zahanati ila pale tu penye nyumba ya kale? Mimi nasema, wenye uhai watangulie. Lakini kabla ya kunyanyua nyundo, na tujaribu kwanza kuifanya nyumba ile ile kuwa zahanati. Mara nyingi kuta za watu wa kale ni nene kuliko zetu.

Sasa naja kwa neno la pili, lile la viboko, ambalo lilinizuia nisijibu siku ile. Je, mahali pa mateso palindwe?

Nimewaza sana juu ya neno hili. Mtu aliyepigwa, au mjukuu wake, hakosi akichukia ukuta uliosikia kilio. Lakini nimeona jambo moja. Katika baraza la hukumu, ni nani afurahiye shahidi anapokufa? Si aliyeonewa, ni aliyeonea. Nyumba ile ni shahidi. Tukiibomoa hatufuti kosa. Twafuta ushahidi tu. Baada ya miaka 50 atasimama mtu na kusema kwamba viboko vile ni hadithi za wazee, na mtoto wetu hatakuwa na mahali pa kumpeleka aone kwa macho yake.

Ndugu zetu wengine wamekwisha kulipima neno hili. Kule Songea, mahali pa kumbukumbu ya mashujaa wa Vita vya Maji Maji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, pamewekwa makumbusho, na watu hukusanyika kila mwaka. Hawakusema, "Hapa ni mahali pa aibu, pasahaulike." Kule Unguja, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pale Waanglikana wakajenga kanisa kuu lao, wala hawakuficha palikuwa pa nini. Ingekuwa rahisi kupanda bustani juu yake. Lakini mtu aendaye huko leo huambiwa kwa wazi kwamba wanadamu waliuzwa hapo kama mbuzi, na akitoka hutoka ameinamisha kichwa.

Hata hivyo nakubaliana na mkulima katika jambo moja, nalo ni kubwa. Nyumba yaweza kuwa shahidi wa kweli, tena yaweza kuwa shahidi wa uongo. Mkitundika ukutani kibao kisemacho, "Boma hili lilijengwa na bwana fulani mwaka fulani," mkaishia hapo, mmesema uongo kwa kunyamaza. Bwana fulani hakubeba jiwe hata moja. Ni nani waliochimba msingi? Ni nani waliochoma chokaa na kupasua mbao? Walilipwa, au walishurutishwa? Ni nani walioingia mlango huu wakiwa wamefungwa? Kama kibao hakina nafasi ya watu hao, basi tusiilinde nyumba ile, maana tutakuwa tunaulinda utukufu wa aliyeonea kwa fedha za aliyeonewa. Kumbukeni Yoshua na mawe yale 12 ya Yordani. Hayakuwekwa ili yatazamwe uzuri wake. Yaliwekwa ili watoto waulize, na baba zao wawe tayari kujibu. Jiwe lisilo na baba wa kujibu ni jiwe tu.

Nimeyajibu maneno ya mkulima; sasa nina neno kwa mwalimu, maana yeye naye ana hatari yake. Mwalimu adhani ya kuwa sheria ikiisha kutangazwa, nyumba imepona. Na asikie habari ya Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu ya Unguja.

Nyumba ile ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Ilikuwa kubwa kuliko zote za mji, yenye nguzo za chuma na vibaraza pande zote. Mwaka 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji kwa mizinga kwa muda usiozidi saa moja. Jumba la sultani lililokuwa karibu likaharibika, lakini nyumba hii ikabaki imesimama. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote ukaandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni. Je, kuna ulinzi wa maandiko uliozidi huo? Lakini maji yalikuwa yakipenya, na sehemu zake zikaanza kuanguka, hata ikafungwa. Kisha tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, wakati matengenezo yenyewe yakiendelea, upande mkubwa wa nyumba ukaporomoka, na watu wawili wakafa.

Mizinga haikuiangusha, maji yaliiangusha. Karatasi yaweza kuzuia nyundo, lakini haizuii mvua. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na pale Unguja ufa haukudai ukuta tu, ulidai na roho za watu. Basi atakaye kulinda nyumba na ajue ya kuwa sheria ni mwanzo wa kazi. Tena kulinda nyumba vibaya kwaweza kuwa dhambi kuliko kuivunja vizuri, kama watu wanaachwa wapite chini ya dari iliyooza kwa sababu tu jina lake limo katika orodha.

Lakini nisiwavunje moyo. Huko Kampala yako makaburi ya Kasubi, ambapo wamezikwa Makabaka wanne wa Buganda. Nyumba yake kuu ni ya miti na matete, imeezekwa kwa nyasi. Nayo iliandikwa katika orodha ile ya dunia mwaka 2001. Mwezi wa Machi mwaka 2010 ikateketea kwa moto. Watu walilia. Lakini kwa kuwa wapo wenye kujua kazi ile, wajuao kufunga matete na kuezeka kama baba zao walivyoezeka, nyumba ikajengwa tena, na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hapa sisi watu wa udongo na nyasi twapata faraja. Nyumba ya nyasi yaweza kuishi kuliko nyumba ya chuma, ikiwa mikono iijuayo haijafa. Kwa hiyo kinacholindwa si kuta peke yake. Ni ujuzi, na habari, na mapatano ya watu.

Na kwa habari ya mapatano, sisi wa Shinyanga hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza, maana tuna ngitili. Ninyi nyote mwajua: wakati wa mvua watu hutenga sehemu ya malisho, wasiingize ng'ombe humo, ili kiangazi kikija pawe na majani. Hakuna ukuta, wala hakuna askari mwenye bunduki. Liko neno la wazee tu, na avunjaye neno lile huulizwa mbele ya watu katika dagashida. Desturi hiyo ilidhoofika sana. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuangamiza mbung'o, tena kwa mashamba ya pamba na kwa kuni, hata nchi yetu ikaitwa jangwa. Kisha mwaka 1986 ikaanza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoitwa HASHI, na wenye kazi ile walifanya busara: hawakuleta sheria ngeni, bali waliwauliza wazee juu ya ngitili. Kazi ilipokwisha mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimeenea katika hekta zaidi ya 300,000. Miti ikarudi, na ndege, na dawa za mitishamba.

Nawauliza, ng'ombe mwenye njaa akisimama mbele ya majani mabichi, ni nini kimzuiacho mwenye ng'ombe? Ni kwamba amekubali leo kukosa kidogo, ili kesho wote wapate, hata na mtoto ambaye hajazaliwa. Na kulinda nyumba ya kale ndiyo ngitili ya kumbukumbu. Ni kuuzuia mkono wetu leo usile kila kitu, kwa maana baada yetu watakuja wenye njaa ya kujua walikotoka. Lakini ngitili haiwi ngitili kwa amri ya mtu mmoja. Ni lazima wenye ng'ombe wakubali, na kiangazi wote waingie. Nyumba ya kale ikilindwa kwa ajili ya wageni wenye kamera tu, na watoto wa Ngokolo wakasimamishwa mlangoni, hiyo si ngitili. Ni boma jingine jipya.

Basi haya ndiyo nisemayo. Yatupasa kuzilinda nyumba za kale, si zote, bali zile zenye ushuhuda. Na yatupasa kufanya hivyo kwa masharti matatu. La kwanza, kweli yote isemwe, ya aliyejenga na ya aliyejengeshwa, ya aliyehukumu na ya aliyepigwa. La pili, nyumba ipewe kazi yenye faida kwa watu wa mahali. La tatu, wale waombao ulinzi wawe wa kwanza kupanda juu ya paa. Pasipo masharti hayo, afadhali tunyamaze.

Na ninyi makatekista, ambao mwajua kusoma na kuandika na kila mji mwaingia, kazi yenu yaweza kuanza kesho. Ikiwa mahali penu iko nyumba ya namna hiyo, chukueni daftari, mwende kwa wazee kabla hawajalala. Andikeni nani aliijenga, mwaka gani, kwa mikono ya nani, na mambo gani yalitendeka humo. Ulizeni kiwanja ni cha nani. Peleka habari kwa serikali ya mtaa au ya kijiji, kisha kwa halmashauri, nao wataifikisha kwa wenye kazi ya mambo ya kale katika Wizara ya Maliasili na Utalii. Wakati mnapongoja majibu, kateni mti unaoota ufani, mzibue mifereji ya maji.

Nilipowasomea wale wawili maneno haya, mwalimu alifurahi, lakini mkulima alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, sahihi yangu sitoi bado. Kwanza nataka habari ya babu yangu iandikwe mwanzo wa barua, si mwisho." Mwalimu akatoa kalamu mfukoni, akamwuliza jina la babu, na mwaka ule wa kodi, na idadi ya viboko. Jina akalipata. Mwaka, mkulima hakuujua. Idadi alikuwa ameambiwa na baba yake, akaitaja kwa sauti ndogo, na mwalimu hakuiandika mara moja.

Barua ile haijapelekwa hata leo. Wametoka wote wawili kwenda kumtafuta bibi mmoja mzee sana, ambaye yasemekana aujua mwaka.

Ni mimi ndugu yenu, mchungaji, Ngokolo.